Insha ya Mtoto ni ya Nani?



Imam Jalaluddin as-Suyuti wa Misri, aliyefariki mwaka 911 Hijria (1505 Miladia), aliandika risala mahususi ya kutenganisha baina ya mtunzi na mwizi wa maandishi. Basi wizi huu haukuzaliwa na simu. Simu imeurahisisha tu.

Leo mwanafunzi huambiwa: "Andika kurasa mbili kuhusu Ngome ya Yesu." Jawabu lake limekwisha andikwa na wengi. Mtoto hufungua intaneti, hunakili, huleta. Mwalimu husahihisha maneno ya mtu asiyemjua, na mtoto hakupata elimu. Twamlaumu mtoto, na lawama anayo. Lakini swali lenyewe ndilo lililomwachia mlango wazi.

Enyi walimu wa skuli na wa madrasa, badilisheni swali. Ngome ile ilikuwa jela hadi mwaka 1958, na wazee wanaoikumbuka hali hiyo wangalipo. Mwambieni mtoto: "Muulize mzee wa mtaani kwenu aliyoyaona au kuyasikia. Andika jina lake, alisikia kwa nani, na wewe waonaje." Hapo hapana pa kunakili. Tena mtoto hujifunza adabu ya wapokezi wa hadithi, ambao hawakutaja neno ila walimtaja na waliyelipokea kwake.

Wala kazi isidaiwe siku moja. Jumatatu alete maelezo aliyoyakusanya, Jumatano rasimu, Ijumaa insha kamili. Kisha aketi mbele ya mwalimu, kama aketivyo kusomesha juzuu yake, aulizwe maswali mawili matatu juu ya aliyoyaandika. Aliyeandika mwenyewe atajibu. Na swali lisirudiwe kila mwaka, maana daftari la kaka hurithiwa na mdogo wake.

Nanyi mama zetu, kumwandikia mwana insha kwa kumhurumia si huruma. Alama atakazopata ni zenu, na siku ya mtihani ataingia peke yake. Msaidieni kwa swali moja tu: "Haya umeyajuaje?" Akisema, "Nimesoma mahali fulani," mwambieni apataje mahali hapo.

Insha fupi yenye makosa, iliyo yake, ina kheri kuliko ndefu ya kuazima.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.