Deksa Haijengi Kifua

Kijana wa Birere anayetaka kifua kipana hakosi mshauri. Mtaa huu wa biashara mjini Goma, uliobanana hadi mpakani na Rwanda, una famasi nyingi, na kama ilivyo katika miji mingi ya Kongo, dawa inayohitaji karatasi ya daktari hupatikana kwa kutaja jina lake tu. Jimu nazo zina madaktari wake wasiosomea udaktari. Ninajibu hapa madai yanayorudiwa zaidi kuhusu steroidi. La kwanza nitalikalia muda mrefu, maana linaumiza hata watu wasiojua kwamba wanachomeza ni steroidi.

"Deksa inajaza mwili. Meza mwezi mmoja utaona."

Utaona, lakini hutaona msuli. Deksamethazoni ni steroidi kweli, ila steroidi zina koo mbili zisizofanana kazi. Ukoo mmoja ni wa testosteroni, homoni ya kiume, na huo ndio unaojenga misuli. Wa pili ni wa kortisoli, homoni inayotolewa na tezi zilizokaa juu ya figo mwili unapobanwa na njaa, ugonjwa au hofu. Mojawapo ya kazi za kortisoli ni kuvunja protini ya misuli ili mwili upate sukari ya kutumia. Deksa ni ya ukoo huu wa pili, tena ina nguvu takriban mara 25 ya kortisoli yenyewe.

Kwa hiyo anayeimeza wiki baada ya wiki huvimba uso, huota nundu ya mafuta nyuma ya shingo, na tumbo hutoka mbele, huku mikono na mapaja yakisinyaa. Sukari ya damu hupanda, presha hupanda, mifupa hudhoofika. Kilo anazozisifia kwenye mizani ni maji na mafuta. Mara nyingi huichanganya na siproheptadini, ambayo wengi huijua kwa jina la Periactin, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Katika miji ya Kongo mchanganyiko huo umezoeleka zaidi kwa wanawake wanaotafuta unene. Mwanamume anayeuchukua akidhani atapata mabega amenunua bidhaa ya mteja mwingine.

Anayebisha amtazame Diana Kipyokei wa Kenya. Alifika wa kwanza upande wa wanawake katika marathoni ya Boston mwaka 2021, kisha akapokonywa ushindi kwa sababu ya triamsinoloni, dawa ya ukoo uleule wa deksa. Wakimbiaji wanaoitumia vibaya dawa hiyo huitafutia wepesi na ustahimilivu. Nani amewahi kumwona mkimbiaji wa marathoni mwenye kifua cha pomba, yaani cha mtunisha misuli?

Sisemi deksa ni sumu. Juni 2020 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba miligramu 6 kwa siku zilipunguza vifo vya wagonjwa wa Covid waliohitaji oksijeni. Ni dawa kubwa, na ndiyo maana haifai kuuzwa kama karanga.

"Basi tuache deksa, twende kwenye sindano za testosteroni zenyewe. Hizo zinafanya kazi."

Zinafanya. Daktari anayemwambia kijana kwamba hazifanyi kazi hupoteza imani ya kijana huyo siku hiyohiyo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1996 uliwapa wanaume miligramu 600 za testosteroni kwa wiki, kwa wiki 10, na hata wale ambao hawakugusa chuma waliongeza misuli. Kwa hiyo swali la kuuliza ni mwili unalipa nini.

"Sindano ni salama kwa sababu haipiti kwenye ini."

Nusu ya dai hili ni kweli, na ndiyo maana linashika. Vidonge vya steroidi za misuli vimeundwa ili ini lisivivunje haraka, kwa hiyo ini ndilo linaloumia zaidi. Sindano hulipunguzia ini mzigo, lakini moyo hausameheki. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walipima mioyo ya wanaume 140 waliozoea kunyanyua vyuma. Kwa wale ambao hawakuwahi kutumia steroidi, kila pigo la moyo lilisukuma wastani wa asilimia 63 ya damu iliyokuwa ndani ya chumba chake kikuu. Kwa watumiaji wa muda mrefu ilikuwa asilimia 52, na mishipa ya moyo wao ilikuwa na utando mwingi zaidi. Kifua kimepanuka nje, pampu ya ndani imechoka.

Kuna pia sindano yenyewe. Vijana wanaochangia sindano moja wanachangia pia virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B na C. Na kilichomo kwenye chupa? Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa 1 kati ya 10 ni bandia au haifikii ubora. Hapo panazungumzwa dawa za kawaida za hospitali. Chupa iliyovuka mipaka mitatu ndani ya begi haikuhesabiwa.

"Inaongeza uanaume."

Dai hili lingechekesha kama halingekuwa na machozi ndani yake. Shirika hilohilo la Afya Duniani liliwahi kuijaribu testosteroni kama dawa ya kuzuia mimba, ikitolewa kwa mwanamume! Matokeo yalitoka mwaka 1990. Wanaume 271 walichomwa miligramu 200 kila wiki, na 157 kati yao walifikia hali ya kutokuwa na mbegu hata moja. Sababu yake ni nyepesi: ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, huacha kuziamuru korodani zifanye kazi, nazo hunywea. Ziada ya homoni hugeuzwa kuwa estrojeni, na mwanamume huota matiti. Wengi mbegu zao hurudi baada ya miezi. Wapo wanaosubiri zaidi ya mwaka. Na dozi zinazosimuliwa jimu mara nyingi ni kubwa kuliko zile 200.

"Mzunguko mmoja tu wa dawa hauna shida." Anayeahidi mzunguko mmoja hajawahi kuona mwenzake akisinyaa baada ya kuacha, akiwa amenuna, hana hamu ya kitu, akirudi kununua chupa ya pili.

"Mapomba wote wanatumia na wako hai."

Unaowaona ni waliobaki. Mtunisha misuli Andreas Münzer wa Austria, aliyesifiwa kwa ukavu wa misuli yake, alikufa Machi 1996 akiwa na miaka 31. Nchini Denmark waliwafuatilia wanaume 1,189 waliobainika kutumia steroidi jimu, wakawalinganisha na wengine wa umri uleule. Matokeo ya 2024 yalionyesha kwamba watumiaji walikufa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wenzao.

"Bila dawa haiwezekani, protini ni ya matajiri."

Tupige hesabu. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya majaribio 49 ulionyesha kwamba faida ya protini kwa mnyanyua vyuma hufika kikomo karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 70 anahitaji kama gramu 112. Gramu 200 za maharage makavu zina zaidi ya 40. Gramu 60 za sambaza waliokaushwa, samaki aliyeletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, zina kama 35. Mayai mawili yana 12, konzi ya karanga 8, na unga wa mahindi wa bugali gramu 200 una kama 16. Hesabu imefungwa, na jibini ya Masisi hatujaigusa. Najua vita vimepandisha bei za vyakula, lakini hela ya chupa ya magendo inanunua sambaza wengi.

Kuhusu mazoezi sina siri. Kila kundi la misuli lifanyishwe kazi mara mbili kwa wiki, lipumzike siku mbili, na uzito uongezwe kidogokidogo. Kama chuma chako ni bomba lenye makopo mawili ya zege, yapime makopo yote mawili, na usilale chini yake bila mtu wa kukushika. Anayeanza, akila na kulala vizuri, anaweza kuongeza kilo kadhaa za msuli katika mwaka wa kwanza.

Neno la mwisho ni kwa anayemeza deksa tayari, kwa wiki tatu au zaidi: usiiache ghafla leo. Tezi zako zimelala, na ukikata dawa mara moja unaweza kuanguka, presha ikashuka, ukafa. Nenda Hospitali ya Mkoa, Heal Africa au kituo cha afya kilicho karibu, useme wazi umemeza nini na kwa muda gani, ili daktari akupunguzie dozi hatua kwa hatua.