Anayeongoza Darasa la Saba, Anayepotea Kidato cha Pili

Kila mwaka, Ofisi ya Rais – TAMISEMI inapotangaza majina ya wanafunzi waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza, macho ya wengi huelekea kwenye orodha fupi ya shule za wanafunzi wenye vipaji maalumu: Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato, na Tabora zote mbili, ya Wavulana na ya Wasichana. Mtaa mzima hujua nani amepata na nani amekosa. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yanapotoka, ni wachache wanaoulizia tena habari za watoto hao, na baadhi ya majina yaliyoshangiliwa huwa yameshuka hadi katikati ya orodha, au chini yake.

Maelezo ya haraka ni kwamba mtoto amelewa sifa au ameponzwa na marafiki. Hayo hutokea. Hata hivyo, kwa wanafunzi wengi sababu ziko karibu zaidi na ubao kuliko na tabia.

Ya kwanza ni lugha. Katika shule za msingi za umma mtoto hufundishwa kwa Kiswahili miaka 7. Akivuka mlango wa sekondari, fizikia, historia na hata maelekezo ya mtihani humjia kwa Kiingereza. Mabadiliko haya humgusa kila mwanafunzi, lakini humuumiza kwa namna ya pekee yule aliyekuwa mwepesi wa kuuliza na kujibu. Kwake, kuuliza ndiyo iliyokuwa njia ya kujifunza. Sasa analijua jibu, ila hana maneno ya kulitamkia, na anachelea kuchekwa na wenzake ambao jana walimtegemea. Hunyamaza. Mwalimu mgeni, mwenye wanafunzi wengi mbele yake, hana namna ya kutambua kuwa ukimya huo si wa mtoto asiyejua. Wiki chache za kozi ya awali mwanzoni mwa kidato cha kwanza ni msaada wa kweli, lakini ni mfupi mno kwa kazi hiyo.

Sababu ya pili hutokana na mafanikio yenyewe. Mtoto aliyeelewa somo kwa kulisikia mara moja hakulazimika kupanga ratiba, kuandika muhtasari wala kurudia zoezi lililomshinda. Alimaliza kazi mapema, akakaa kuwasubiri wengine. Kwa maneno mengine, alifaulu miaka 7 bila kufundishwa namna ya kujifunza. Anapokutana na hesabu inayodai siku tatu za kuhangaika, huona kuwa akili zake zimekwisha, na wapo wanaochagua kutojaribu kabisa, kwa sababu anayeshindwa bila kujaribu hulinda heshima yake. Anayepelekwa shule ya vipaji hukutana na jambo jingine: kila aliyeketi darasani alikuwa wa kwanza alikotoka, na mmoja wao lazima awe wa mwisho.

Liko pia swali la nani huitwa mwenye kipaji. Uchaguzi wetu hutegemea alama, na alama humwonyesha aliyekwisha kufanikiwa. Mwaka 1921 mwanasaikolojia wa Marekani, Lewis Terman, alianza kuwafuatilia watoto wapatao 1,500 waliochaguliwa kwa vipimo vya akili. Vipimo hivyo viliwaacha nje William Shockley na Luis Alvarez, ambao baadaye kila mmoja alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Miongoni mwa waliochaguliwa, waliofanikiwa sana na waliobaki nyuma hawakupishana kwa kiasi kikubwa katika alama za akili. Walitofautiana zaidi katika ustahimilivu, kujiamini na hali ya familia walizokulia.

Hali ya familia kwetu ina sura zinazofahamika: safari ndefu kwa miguu kwenda shule ya kutwa, msichana anayepika kabla ya kufungua daftari, mtoto mwenye uoni hafifu aliyeketishwa nyuma.

Serikali imeondoa vikwazo kadhaa. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016 na kufikishwa kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora kitaifa, uamuzi uliolalamikiwa na baadhi ya wadau, lakini uliowapunguzia watoto mzigo wa kuwa fahari ya wengine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali kando ya ule wa jumla, na hapo huenda akaonekana mtoto ambaye kipaji chake kimo mikononi.

Kilichobaki ni cha darasani, nacho hakihitaji jengo jipya. Mwalimu wa ushauri na unasihi akiweka alama za darasa la saba za mwanafunzi kando ya zile za muhula wa kwanza wa sekondari, ataona ndani ya saa moja ni nani ameporomoka, na anaweza kumwita na kumsikiliza kwa Kiswahili. Mzazi naye asisubiri kuitwa. Upimaji wa kidato cha pili hufanyika mwezi Novemba. Aliyeona daftari la mwanawe limebadilika mwezi Machi bado ana muda wa kufika shuleni na kuuliza.