Mbegu ya chuo imevuka mpaka, maabara bado iko nyuma ya lango

Mfanyabiashara anayenunua soya Uganda na kuivusha Busia au Malaba kwenda kwa watengenezaji wa chakula cha kuku nchini Kenya hana sababu kubwa ya kufikiria chuo kikuu. Akili yake iko kwenye bei, mzani na foleni ya malori. Lakini sehemu kubwa ya soya inayolimwa Uganda leo ni ya mbegu zenye jina Maksoy, na herufi tatu za mwanzo zinatoka kwenye jina la Chuo Kikuu cha Makerere.

Historia yake ni fupi na ina faida kwetu. Mwaka 1996 ugonjwa wa kutu ya soya ulionekana Uganda. Majani hupata madoa ya kahawia, hukauka na kupukutika kabla punje hazijajaa. Dawa ya kupulizia ipo, ila mkulima wa eka moja au mbili hawezi kuinunua kila msimu akabaki na faida. Mbegu zilizokuwapo hazikuhimili, na wakulima wengi walianza kuona soya ni hasara.

Watafiti wa Makerere, wakiongozwa na Profesa Phinehas Tukamuhabwa, walitafuta jibu katika mashamba ya utafiti ya chuo huko Kabanyolo, nje kidogo ya Kampala. Mwaka 2004 ilitolewa Maksoy 1N, mbegu inayostahimili kutu. Mwaka 2010 ikafuata Maksoy 3N, ambayo wakulima waliipenda kwa mavuno yake. Wanafunzi wa shahada za juu walifanya tafiti zao humo, na mbegu zilijaribiwa katika maeneo mbalimbali ya nchi kabla ya kuidhinishwa. Kisha kampuni za mbegu, vikundi vya wakulima, wasindikaji wa mafuta na wafanyabiashara wakaichukua kazi iliyobaki. Punje zikawa mafuta, mashudu yakawa chakula cha mifugo, na magunia yakavuka mpaka.

Hapo ndipo tunapoona jumuiya ya chuo ikigusa maisha nje ya uzio wake. Mafanikio hayo yalikuwa na sababu. Swali lilitoka shambani, lilikuwa swali moja lililo wazi, na jibu lilikuwa kitu ambacho mtu anaweza kukibeba kwenye mfuko na kukipanda. Wafanyabiashara hawakuhitaji kuelezwa lolote. Walikuta mzigo sokoni wakanunua.

Tatizo letu la mpakani ni la namna nyingine. Machi 5, 2021 Kenya ilisitisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yaliyokuwa njiani yalikwama Busia, Malaba na Namanga. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mahali mahindi yalikolimwa pajulikane, na shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Wengi wetu tuliisoma hatua hiyo kama siasa ya biashara, na huenda siasa ilikuwamo. Lakini sumu yenyewe si hadithi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao walifariki. Mnunuzi anayeogopa mzigo usiopimwa ana sababu ya kuogopa.

Ugumu ni kwamba sumukuvu haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Tena haisambai sawasawa. Punje chache zilizooza ndani ya gunia moja zinaweza kuharibu matokeo ya shehena nzima, na gunia la jirani likawa safi kabisa. Ndiyo maana sampuli ya mkono mmoja kutoka gunia la juu haisemi kitu. Mengi huanza shambani, lakini huongezeka ghalani na safarini: mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo, magunia yaliyolowa, turubai lililofunika mzigo wenye unyevu kwa siku nne za foleni. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Wangapi kati yetu wana kipima unyevu?

Elimu ya mambo haya imejaa vyuoni. Makerere inafundisha teknolojia ya chakula. Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro na Egerton huko Njoro ni vyuo vyenye mizizi ya kilimo. Karibu zaidi na sisi, Chuo Kikuu cha Busitema kiko kando ya barabara ya Jinja kwenda Tororo, na kinafundisha uhandisi wa usindikaji wa mazao. Ng'ambo ya mpaka, kaunti ya Busia ina Chuo Kikuu cha Alupe. Malori yetu yanapita karibu na malango hayo kila siku, na hakuna anayesimama.

Lawama ni za pande mbili. Mhadhiri hupandishwa cheo zaidi kwa makala alizochapisha kuliko kwa shehena alizookoa. Mkulima ana bwana shamba anayemfikishia utafiti, angalau kwa jina, lakini mfanyabiashara hana mtu wa namna hiyo. Sisi nasi tumezoea kumwendea dalali na wakala wa forodha tukikwama, na hatujawahi kwenda chuoni kama kikundi tukiwa na swali moja lililo wazi, kama lile la kutu ya soya.

Swali lipo: mfanyabiashara mdogo mwenye magunia 50 atajuaje, kabla hajalipia lori, kwamba mzigo wake utapita?

Vyama vya wafanyabiashara wa nafaka vinaweza kuanzia hapo bila kusubiri mkutano wa mawaziri. Viviombe vyuo vya jirani wanafunzi wa teknolojia ya chakula wafanye mafunzo kwa vitendo katika maghala ya mpakani wakati wa msimu. Viombe mafunzo ya kuchukua sampuli ipasavyo, kutoka magunia mengi na kwa kina tofauti. Vichangie kipima unyevu kimoja kwa kila soko. Kipimo cha mwanafunzi hakitachukua nafasi ya cheti rasmi, lakini kitakuambia mapema kama uanike tena au usafiri. Hata leo, asiye na kifaa anaweza kutia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, akatikisa na kuacha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi.

Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu, ili wanafunzi na shahada zao zivuke mipaka kwa urahisi. Ni jambo jema. Lakini tukipima faida ya vyuo kwa idadi ya shahada zinazovuka tu, tutakuwa tumesahau mzigo ulioko nyuma ya lori. Mkulima wa soya alipeleka tatizo lake na akarudi na mbegu. Msimu wa mahindi unakuja, na foleni ya Malaba itakuwapo. Safari hii swali liwe limefika chuoni kabla ya lori kufika mpakani.