Chanjo ilifanya kazi au haikufanya? Tuliuliza swali nusu

Jumapili iliyopita nilikuwa kijiweni Magomeni, kikombe cha kahawa mkono mmoja na kashata mkono wa pili, nikidhani nimekwenda kupumzisha akili. Wapi! Mada ilikuwa Simba na Yanga kama kawaida, halafu sijui ilikatia wapi, jamaa mmoja akasema: "Ni kama mlivyodanganywa kwenye korona. Ile Janssen mliyochomwa, Wamarekani wenyewe wameshaifuta!" Kijiwe kizima kicheko. Mzee muuza kahawa akaninyooshea kidole: "Muulizeni huyo mwandishi, si alichanja?" Nikacheka na mimi, nikalipa, nikaondoka zangu.

Lakini wadau, niliondoka na donge. Aliyosema yule jamaa nusu yake ni kweli. Na ile nusu ambayo si kweli, mimi mwenyewe nina mkono wangu ndani yake. Leo naomba niiseme.

Nianze na ukweli wake. Aprili 2021 Wamarekani waliisimamisha Janssen kwa siku kama kumi, baada ya watu sita kupata tatizo la nadra la kuganda damu, kati ya dozi karibu milioni 7 zilizokwishatolewa. Wakachunguza, wakairudisha. Mei 2022 wakaibana kwa masharti, na mwaka 2023 ruhusa yake ikafutwa kwa ombi la kampuni yenyewe. Yote haya yalitangazwa mchana kweupe. Kwa hiyo mtu akikwambia chanjo ile haikuwa na kasoro yoyote, naye anakudanganya. Ila kuwa na kasoro ni jambo moja na kutofanya kazi ni jambo jingine, na hapo ndipo tulipopotezana.

Sasa nirudi Mei 2021. Nilikuwa nimemaliza chuo, nina miezi michache kwenye dawati la habari za kimataifa la gazeti moja (silitaji, bado nakula huko huko kwenye tasnia). Ikaja habari ya Shelisheli. Kanchi kadogo ka watu kama laki moja, kalikuwa kanaongoza duniani kwa kuchanja. Zaidi ya asilimia 60 ya watu walikuwa wamekamilisha dozi zote mbili. Ghafla maambukizi yakapanda, shule zikafungwa, na serikali yao ikasema zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa wapya, asilimia 37 hivi, walikuwa wamechanjwa kikamilifu.

Nikapewa kutafsiri. Nikaandika kila kitu, pamoja na ile asilimia 60. Habari ikazidi nafasi, ikakatwa kutoka chini kama ilivyo desturi, na asilimia 60 ilikuwa kwenye aya ya mwisho. Kilichobaki kwenye ukurasa ni nchi inayochanja kuliko zote, wagonjwa wanazidi, theluthi nzima walichanjwa. Kichwa cha habari nadhani mnaweza kukibuni wenyewe. Siwalaumu wahariri peke yao. Asubuhi nililisoma gazeti nikaona jina langu, nikafurahi, wala sikustuka kwamba kuna kitu kimeanguka.

Hebu tupige hesabu hiyo taratibu, maana si ya chuo kikuu, ni ya darasa la saba. Chukua wagonjwa 100 wa Shelisheli. Kama chanjo ingekuwa maji matupu, ungetegemea wagonjwa wafanane na wananchi: asilimia 60 ya watu wamechanja, basi wagonjwa 60 wawe waliochanja. Lakini walikuwa 37. Waliobaki 63 walitoka kwenye lile kundi dogo la asilimia 40 ambalo halijakamilisha chanjo. Gawanya 63 kwa 40, gawanya 37 kwa 60, linganisha. Asiyekamilisha alikuwa na uwezekano wa kuugua kama mara mbili na nusu ya aliyechanja! Ni hesabu ya juu juu, haihesabu umri wala nani alichanja lini, na wala si hesabu ya kujivunia sana kwa chanjo. Lakini inasema kinyume kabisa cha kile ambacho msomaji wangu alikielewa. Tarakimu ni zile zile. Ukiondoa moja tu, habari inageuka kichwa chini miguu juu.

Siku mbili baadaye mjomba wangu akanipigia kutoka Morogoro. Mwalimu mstaafu, miaka 63, sukari na presha vyote anavyo. Nikamwamkia, akaitika, akaenda moja kwa moja: "Mpwa wangu, nimesoma habari yako. Kwa hiyo hizi chanjo hazifanyi kazi?"

Mnajua nilimjibu nini? Nilimjibu kiandishi. Nikamwambia, "Mjomba, wengine wanasema zinafanya kazi, wengine wana mashaka, mjadala bado unaendelea." Ndivyo tulivyofundishwa, upande huu na upande ule, mizani isawazike. Akasema "haya", akaniuliza habari za kazi, tukaagana. Mzee huyu amefundisha hesabu miaka thelathini na zaidi. Ningempa ile namba moja iliyokatwa angeipiga hesabu hiyo kichwani kabla sijamaliza kuongea.

Kumbukeni na hali ya nchi wakati ule. Takwimu za korona zilikuwa zimekatika tangu mwishoni mwa Aprili 2020, zikagandia wagonjwa 509 na vifo 21. Tukapita hapo mwaka mzima tukizika watu kwa "changamoto ya upumuaji". Januari 2021 Rais Magufuli akiwa Chato aliziponda chanjo hadharani, hoja yake ikiwa kwamba kama wazungu wangekuwa mahodari wa chanjo, ukimwi, kifua kikuu, malaria na saratani visingekuwepo. Februari waziri wa afya, Dk. Dorothy Gwajima, akasema nchi haina mpango wa kuleta chanjo, tukaoneshwa namna ya kusaga tangawizi, vitunguu na malimao. Machi Rais akafariki. Julai 24 ndege ikatua na dozi zaidi ya milioni moja za Janssen, Julai 28 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera, na waziri yule yule wa tangawizi ndiye sasa anahimiza watu wachanje. Miezi sita tu! Mimi niliyesoma chuo nilipata kizunguzungu, sembuse mama muuza vitumbua wa Tandika aliyeambiwa Februari hapana, Agosti ndiyo, na katikati hakuelezwa nini kilichobadilika.

Ndiyo maana siwacheki waliokataa. Wimbi la tatu lilikuwa limepamba moto, mitungi ya oksijeni inatafutwa usiku, na wenye sauti walikuwa wanapishana juu ya vichwa vyetu. Askofu Josephat Gwajima, mbunge wa Kawe, aliipinga chanjo madhabahuni, na Agosti 31 Bunge likamsimamisha mikutano miwili. Sisi waandishi tulishangilia kwa sababu ilikuwa habari tamu: Gwajima waziri dhidi ya Gwajima askofu, nani angeacha kuiandika? Lakini kumsimamisha mtu si kumjibu. Muumini wake aliyekuwa na swali alirudi nyumbani nalo vile vile, na safari hii akiwa na hakika kwamba kuna kitu kinafichwa. Upande wa pili nao walijibu kwa kelele: chanjo ni salama, chanjo inafanya kazi, nendeni mkachanje. Inafanya kazi GANI? Hilo hakuna aliyekaa nasi chini akalieleza.

Majibu yalikuwepo. Janssen ilijaribiwa kwa watu kama 44,000, wakiwemo Waafrika Kusini ambao tayari walikuwa na kirusi kilichobadilika. Ilizuia ugonjwa wa wastani hadi mkali kwa asilimia 66, na ugonjwa mkali kwa asilimia 85. Hizi 66 watu wengi, na mimi nikiwemo, tulizisoma kwamba ukichanja watu 100, basi 34 wataugua. Sivyo! Maana yake ni kwamba pale ambapo wasiochanja wangeugua 100, waliochanja wataugua 34. Wala haikuahidi kwamba hutapata mafua ya korona kamwe. Iliahidi zaidi kwamba hutafika kwenye mtungi wa oksijeni. Kwa hiyo jirani yako aliyechanja halafu akakohoa wiki nzima hakuwa ushahidi kwamba chanjo ni feki, lakini sisi ndivyo tulivyomtumia, yeye na zile video za sarafu kunata begani.

Na kinachonichekesha kwa uchungu ni hili bega lenyewe. Vua shati ujiangalie. Wengi wetu tuna kovu la BCG tulilopigwa tukiwa wachanga, chanjo ya kifua kikuu iliyotumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921. Marehemu Rais alikuwa sahihi kwamba kifua kikuu hakijaisha. Ila BCG haimzuii vizuri mtu mzima asipate TB ya mapafu. Kazi yake kubwa ni kumkinga mtoto mdogo na ile TB inayopanda kwenye utando wa ubongo na kuua. Inafanya kazi moja, nyingine haiiwezi, na hakuna mzazi aliyewahi kuandamana. Saratani nayo, tangu 2018 nchi hii hii inachanja wasichana dhidi ya virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Na ile chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2021, ambayo watoto wa Bagamoyo na Korogwe walishiriki kuijaribu, ilipunguza malaria kwa kiasi cha kesi nne kati ya kumi tu. Nne! Ukiiuliza "inafanya kazi au haifanyi?" utaitupa. Ukiuliza inaokoa watoto wangapi, utaikimbilia. Ni kama chandarua. Nimelala kwenye neti na malaria nimeugua, lakini sijawahi kuichana.

Mjomba hakuchanja. Chanjo ilipofika Morogoro, binti yake alimwambia twende, akasema anasubiri kwanza, "hata Shelisheli wamechanja na wanaugua." Binti yake ndiye aliyenisimulia, msibani, bila kujua ile habari ni ya nani. Mzee alianza homa Septemba, siku ya nne akashindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, siku ya tisa tukampoteza. Kwenye tangazo la msiba tuliandika "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Mimi ndiye niliyeliandika.

Siwezi kusema kwamba chanjo ingemwokoa. Asilimia 85 si mia, na mzee alikuwa na sukari. Wala sisemi kwamba aya moja ya gazeti ndiyo iliyomuua mtu. Nasema tu kwamba aliniuliza swali, jibu nilikuwa nalo kwenye kompyuta yangu, nikampa "wengine wanasema".

Nilichanja wiki mbili baada ya mazishi. Mkono uliuma siku mbili, homa kidogo usiku. Mwaka uliofuata nikapata korona, nikalala ndani siku tatu, nikarudi kazini. Binti wa mjomba sijamwambia mpaka leo. Najua anapitaga hapa kusoma, kwa hiyo dada, sasa umejua, na simu yangu iko wazi.

Jumapili hii nakwenda tena kijiweni. Yule jamaa nitamnunulia kahawa, nichukue kipande cha karatasi ya kashata, niandike 60, 40, 37 na 63, halafu nimwachie kalamu.