Daftari la Wiki: Sheria Zilizolala

“Sheria tunazo, tena nyingi. Tatizo ni usimamizi.” Wiki hii nimeyasikia maneno haya kwenye daladala la Mbagala, kwenye foleni ya benki na msibani, yakisemwa na watu wasiojuana kana kwamba wamepangana. Ukimuuliza Mtanzania hali ya sheria za nchi, jibu hilo analo mdomoni tayari. Mimi silikubali tena, angalau si lote. Linaipitisha sheria yenyewe bila kuihoji, kisha lawama yote inatupiwa polisi na mwananchi mkaidi. Zipo sheria ambazo zikisimamiwa kesho asubuhi kama zilivyoandikwa, nusu ya mji itafungwa. Zipo pia ambazo zikisimamiwa zitamuumiza mtoto. Nimetafuta chache za kuandika hapa.

*

Tuanze na baa. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ilipanga saa za kuuza pombe, na kwa siku za kazi ilikuwa kuanzia saa 10 jioni hadi saa 5 usiku. Sasa pita Sinza, au mtaa wowote wenye uhai wa mji wowote, saa 6 mchana siku ya Jumanne. Viti vimepangwa, jiko la nyama choma linawaka, chupa ziko mezani. Mwenye baa ana leseni ukutani, analipa kodi, na halmashauri inachukua ushuru wake bila kumuuliza amefungua saa ngapi. Kila mtu anajua, na kila mtu ameridhika.

Halafu anakuja kiongozi mpya wilayani anayetaka kuonekana anachapa kazi. Au mwenye baa anakosana na mtu mwenye jamaa kituoni. Siku hiyo mwaka 1968 unaamka. Difenda ya polisi inasimama mlangoni, wahudumu wanapakiwa nyuma, wateja wanatimua mbio na bili hazijalipwa. Sheria ni ileile ambayo wiki iliyopita ilikuwa kama haipo, na wiki ijayo itakuwa kama haipo tena. Mama mmoja mwenye grosari aliniambia kuwa hesabu zake za mwezi zina fungu la siku kama hizo, kama lilivyo fungu la umeme. Alilisema bila hasira, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi.

Sheria isiyofuatwa na mtu haijafa. Imelala, na anayejua ilipolala anaweza kuiamsha kwa mtu anayemtaka. Haimwangukii mwenye hoteli kubwa; inamwangukia mwenye grosari. Katika nafasi hiyo, kati ya kulala na kuamka, ndipo hela ya soda inapozaliwa.

*

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni: tubaki na chama kimoja au turudi kwenye vyama vingi? Tume hiyo inakumbukwa zaidi kwa hesabu yake ya ajabu. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja, kama asilimia 20 wakataka vyama vingi, na Tume ikapendekeza wale wachache wasikilizwe. Vyama vingi vikarudi mwaka 1992.

Kinachosahaulika ni kwamba wengi katika ile asilimia 80 hawakusema mambo yabaki yalivyo. Walitaka mabadiliko ndani ya huohuo mfumo waliosema waendelee nao. Walitoa malalamiko, na Tume ikawasikiliza mpaka mwisho badala ya kuhesabu ndiyo na hapana. Ndiyo maana ripoti yake ilibeba pia orodha ya sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa. Ilikuwamo Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962, iliyomruhusu Rais kumfungia mtu bila kesi. Ilikuwamo Sheria ya Magazeti ya 1976. Hii ya magazeti ilikaa hadi mwaka 2016 ndipo ikaondolewa na Sheria ya Huduma za Habari. Yaani miaka zaidi ya 20 baada ya tume ya serikali yenyewe kusema haifai, iliendelea kutumika kufungia magazeti.

Wanaokusanya maoni siku hizi wangefanya vizuri kuirudia kazi ile. Swali la “je, unaridhika na sheria za nchi?” halina faida kubwa. Mtu atakujibu kuhusu askari aliyemsimamisha asubuhi. Muulize sheria gani iliwahi kumgusa, na ilimgusaje, uone daftari litakavyojaa.

*

Barabarani. Kila aliyesafiri na basi la mkoa anaijua lugha ya taa. Basi linalokuja upande wa pili linawasha taa mara mbili, dereva wetu anaondoa mguu, tunaingia kijijini kwa mwendo wa arusi. Chini ya mwembe pale yuko askari na tochi yake. Tukishampita, injini inanguruma tena kabla hata kibao cha kumaliza 50 hakijaonekana. Safari moja, kwenye kijiji kilichofuata, chenye shule pembeni mwa lami lakini kisicho na askari, hatukupunguza hata kidogo. Watoto walikuwa wamesimama ukingoni na madaftari yao, wakisubiri tupite.

Nilimtazama dereva kwa muda mrefu. Si mtu mbaya. Ana ratiba ya tajiri, ana abiria wanaomlalamikia kuchelewa, na barabara imemfundisha kuwa 50 ni namba ya askari. Hakuna aliyewahi kumweleza, kwa namna atakayoiamini, kuwa ni namba ya wale watoto. Tunaposema sheria ya barabarani inafuatwa kwa sababu faini ya 30,000 imelipwa, tunahesabu mapato tu.

Nitoe sifa palipo na sifa. Marufuku ya mabasi kusafiri usiku, iliyodumu karibu miaka 30, iliondolewa mwaka 2023. Iliwekwa kwa sababu za kweli, ajali na utekaji. Hali ikabadilika, barabara zikabadilika, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ikawa na vifaa vya kufuatilia mwendo wa basi, na serikali ikaitazama upya sheria badala ya kuiacha ilale tu ili ivunjwe kimyakimya.

*

Mfuko wa rambo. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na nchi ikatii. Waliozoea kusema Waafrika hawafuati sheria hawakuwa na la kusema wiki ile. Muuza duka wa Tandale aliacha, na supamaketi ya Masaki ikaacha, siku ileile. Kiwanda kilizuiwa kutengeneza na mwingizaji akazuiwa kuingiza, kabla ya kumgusa mama anayebeba nyanya. Adhabu kwa mtu wa kawaida ilikuwa inafahamika, kuanzia shilingi 30,000. Na mbadala ulikuwepo mkononi: vijana walijaa masokoni wakiuza mifuko mipya.

Lakini ndani ya miaka michache, vile vifungashio vyepesi vinavyong’aa, vilivyoruhusiwa kwa ajili ya kufungia bidhaa, vilishika kazi ya rambo, nalo baraza la mazingira, NEMC, likalazimika kuvifukuza. Nenda genge lolote leo ununue dagaa uone utafungiwa nini. Usimamizi ulipolegea juu, chini nako kukalegea, kwa mpangilio uleule uliotumika kutii. Mama wa genge hakuianza sheria hii na hakuivunja wa kwanza.

*

Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 iliwapa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Iliweka masharti: pawe na hatari kwa amani, sababu ziandikwe, na mtu huyo afikishwe mbele ya hakimu kabla muda huo haujapita. Sisi sote tumeona kwenye taarifa za habari jinsi uwezo huo ulivyotumika: daktari, mwalimu, diwani, mhandisi akiwekwa ndani kwa kuchelewa kikaoni au kwa kujibu vibaya, mbele ya kamera, umati ukipiga makofi.

Makofi yale yananiuma kuliko amri yenyewe. Tunalalamika kuwa sheria hazifuatwi, na tunamshangilia anayezivunja akiwa na cheo, kwa sababu leo aliyekamatwa ni mtu tuliyekuwa na hasira naye. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilizunguka nchi kusikiliza wananchi kuhusu ukamataji, upelelezi na mahabusu, na Julai ikamkabidhi ripoti Rais Samia. Wenye malalamiko hawakukosekana. Natamani tungeyakumbuka malalamiko yetu wakati wa kupiga makofi.

*

Hili la mwisho nimeliandika mara nyingi na nitaliandika tena.

Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wa miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama. Kwa mvulana umri wa kawaida ulikuwa 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipeleka serikali Mahakama Kuu, akashinda mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema tena kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukapita.

Weka sheria mbili pembeni yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya 2016, inampa kifungo cha miaka 30 anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Sasa fikiria mabinti wawili wa jirani, umri mmoja, miaka 15. Mmoja yuko kidato cha pili. Mwingine ameacha shule kwa kuwa baba hakuwa na hela ya sare na madaftari. Akija mwanamume na mahari, kwenye nyumba ya kwanza anakwenda jela miaka 30. Kwenye nyumba ya pili anakaribishwa chai. Aliyenyimwa shule amenyimwa na ulinzi.

Hapa hakuna anayeweza kusema tatizo ni usimamizi. Mzazi aliyepokea ile mahari aliweza kusimama mbele ya yeyote na kusema ametii sheria ya nchi. Aliyeshindwa kutii, baada ya mahakama ya juu kabisa kusema, ni aliyekuwa na kalamu.

*

Barua zinazoniuliza mwananchi afanye nini ni nyingi, nazo zinastahili jibu. Tangu mwaka 2021 sheria imeagiza Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kutafsiri inaendelea. Basi tuzisome. Mwananchi aanze na inayomhusu karibu zaidi: mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na wanakijiji wana haki ya kusomewa mapato na matumizi. Ni sheria inayomtaka kiongozi atii mbele ya wananchi, na vijiji vingi sana havijaiona mwaka mzima. Mwenyekiti akikwambia mkutano umeahirishwa kwa sababu ya mvua, mwombe tarehe mpya, kwa maandishi yenye muhuri.