Njia za Miguu Mlimani Zipangwe na Wanaozipita

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia kilimani upande wa Ubungo, mahali ambapo siku hizo palihesabiwa kuwa nje ya mji. Majengo yakatawanywa kwa mpango uliopendeza macho, na barabara ya gari ikazungushwa kuyaunganisha. Kwa wanafunzi wa miaka ile mpango huo ulitosha. Leo hesabu yao ni makumi ya maelfu, na mji umekizingira Chuo pande zote. Hata baada ya kufunguliwa mabweni mapya mwaka 2017, yenye nafasi 3,840, wengi bado hulala nje: Mabibo, Msewe, Changanyikeni, Makongo na Sinza. Sehemu kubwa ya vijana hao huenda na kurudi kwa miguu.

Yafaa basi kuuliza njia za vijana hawa zimepangwa na nani. Nyingi zimepangwa na miguu yao wenyewe. Vijia vilivyokanyagwa katika nyasi vinakata mteremko moja kwa moja, kwa kuwa barabara ilichorwa kwa ajili ya gari, na gari halichoki kuzunguka. Wapo wenye madaraka, wala si wa Mlimani peke yake, wavionao vijia vya namna hiyo kuwa utovu wa nidhamu, na dawa waijuayo ni uzio na kibao cha katazo. Dawa hiyo haiponyi kitu. Kijana mwenye kipindi saa moja asubuhi hatazunguka kilima kwa kuheshimu kibao. Atatafuta tundu katika uzio, na tundu hilo litakuwa pembamba, limefichwa na kichaka, mahali ambapo binti akikutana na mhalifu hana pa kukimbilia. Kijia kilichokanyagwa ni ramani ambayo Chuo kimepewa bure. Kinachotakiwa ni kukitia zege, kukichimbia mfereji ili masika yasikigeuze kuwa korongo, na pale penye mwinuko kukipunguzia ukali ili mwenye kiti cha magurudumu naye apite. Mafundi wanajua kipimo: kupanda sentimita moja kwa kila sentimita 12 za mwendo.

Usiku una hesabu yake. Jua la Dar es Salaam halichelewi. Mwezi Juni saa kumi na mbili na nusu giza limeshaanza kutanda, na watu wangali madarasani na maktaba. Kuweka taa kwenye kila kijia ni ndoto, na aahidiye hivyo anajitafutia makofi tu. Lililo la busara ni kuchagua njia chache za usiku, labda tatu au nne, zitokazo maktaba na madarasani hadi kwenye mabweni, malango na vituo vya mabasi. Hizo ziwashwe taa kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuacha pengo, vichaka vya kando vifyekwe, na askari wa Chuo wazipitie kwa zamu zinazojulikana. Watu wakijua njia ya usiku ni ipi watakutana humo, na wingi wao utakuwa ulinzi. Taa moja hapa na nyingine mbali kule ina hasara yake, kwa maana macho yaliyozoea mwanga hayaoni kitu yaingiapo tena gizani.

Nje ya malango hatari ni gari. Sheria inamruhusu dereva kwenda kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Kwa mwendo huo gari hula karibu mita 14 katika sekunde moja, yaani kabla mguu wa dereva aliyeshtuka haujagusa breki. Kwa kilomita 30 hula mita nane. Tofauti hiyo ya mita sita inakaribia upana wa barabara ya magari mawili, nayo huamua kama kijana atafika kwao au hatafika. Kwa hiyo mbele ya kila lango la Chuo pawe na matuta, na kivuko kilichoinuliwa kulingana na ukingo wa njia ya miguu.

Barabara za juu za Kijazi pale Ubungo, zilizofunguliwa Februari 2021, zimewapunguzia madereva adha ya foleni, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini mwanafunzi atokaye Mabibo kwa miguu naye ana hesabu yake: avuke mara ngapi, angoje muda gani, apande ngazi ngapi. Hesabu hiyo haina budi kuandikwa katika michoro kama ile ya magari inavyoandikwa.

Wasemao fedha hakuna watazame shule za msingi za Dar es Salaam zilizoingizwa katika mpango wa SARSAI. Njia za kando, matuta, vivuko na nguzo za kuzuia magari, vitu vya gharama ndogo, viliupatia mpango huo tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulitaka wananchi washiriki katika kuyafikiri na kuyapanga maendeleo yao, si kuyapokea yakiwa tayari. Basi uongozi wa Chuo, Manispaa ya Ubungo, TANROADS na TARURA waunde kamati moja, kwa kuwa hadi leo mtembea kwa miguu akitoka langoni huhama himaya ya ofisi moja na kuingia ya nyingine, asijue wa kumlalamikia. Wawemo wanafunzi, wa kike wasipungue nusu, pamoja na wasioona na walemavu wa miguu. Kikao chake cha kwanza kisiwe cha mezani. Wakutane maktaba saa tatu usiku, waache magari yao hapo, watembee hadi Mabibo. Na wafanye hivyo mapema: awamu ya nne ya mabasi yaendayo haraka inaigusa Barabara ya Sam Nujoma kutoka Mwenge hadi Ubungo, na kivuko kilichosahauliwa wakati zege linamwagwa hugharimu mara nyingi zaidi kukiweka baadaye.