Lubumbashi: Bamba la mkono lisiwe la wenye feza tu

Kati ya kiwiko na kiganja kuna mifupa miwili. Mtu mzima akivunjika yote miwili na ikahama, plasta peke yake mara nyingi haitoshi: hushikana vibaya, na kiganja hakigeuki tena vizuri. Ndiyo maana muganga hupasua, huinyoosha na kuifunga kwa bamba la chuma na skrubu.

Kwa mkimbizi wa vita anayebeba mizigo sokoni, mkono huo ndio chakula cha nyumba. Jamaa wakikosa feza ya bamba, humpeleka kwa muganga wa kienyeji. Wasilaumiwe.

Mwaka 2023 Serikali ilianzisha uzazi wa bure, kuanzia Kinshasa. Mkono uliovunjika nao ufikiriwe. Kwa sasa, kila hospitali ibandike bei ukutani na ikubali malipo ya kidogo kidogo.